Amri ya Saa Moja Jioni: Je, Twawatendea Haki Vijana Wetu?

Kazi ya karani ni kuandika yasemwayo na wengine, wala si kusema yake mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nimekaa pembeni mwa mabaraza hapa Keringet, daftari magotini, nikiandika maneno ya wazee, ya akina mama na ya wakubwa wa Serikali, wala sikuongeza langu hata moja. Lakini liko jambo lililosemwa barazani siku hizi za karibu ambalo nililiandika daftarini, nalo likakataa kunitoka moyoni. Ndilo nitakalo kuwaeleza wasomaji leo, nao wanisahihishe nikikosea.

Baraza lenyewe lilikuwa la kawaida. Tulizungumza habari za maradhi ya ng'ombe, barabara iliyoharibiwa na mvua, na bei ya viazi. Kisha akasimama mzee mmoja mwenye heshima sana kwetu, akasema kwamba vijana wamewashinda wazazi. "Watoto wa shule huonekana sokoni saa tatu za usiku," akasema. "Wengine hulala mchana kutwa na kutoka jioni kama fisi. Na itolewe amri: mtoto yeyote asiyetimiza miaka 18 asionekane njiani tangu saa moja jioni hata saa kumi na mbili asubuhi. Atakayeonekana, ashikwe. Na mzazi ambaye mwanawe ni mtoro wa shule apelekwe mahakamani." Watu wakapiga makofi mengi. Mimi nikaandika. Baraza lilipokwisha, nikakabidhiwa orodha ya watoto 11 waliokuwa hawaji shuleni, niwaandikie wazazi wao barua za kuwaita ofisini.

Sitaki mtu adhani kwamba namdharau mzee yule. Aliyoyasema ni kweli. Sote tumewaona wavulana wa miaka 14 na 15 wakikesha penye pikipiki, fedha walizopewa za daftari zikiishia katika kamari za simuni. Tumewaona wasichana waliotoka nyumbani jioni kwa furaha, na baada ya miezi michache wakaacha shule kwa machozi. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi asiyethubutu kumkataza mwanawe leo atakuja kumlilia kesho. Wala si ajabu kwamba wazee waitafuta nguvu ya Serikali pale nguvu ya baba inapopungua.

Hata hivyo, amri na sheria si kitu kimoja, nasi yatupasa kujua mpaka wake. Kuhusu shule, sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kuhakikisha kwamba mwanawe ahudhuria shule. Mzazi akikaidi bila sababu ya maana, baada ya kuonywa kwa maandishi na Bodi ya Elimu ya Kaunti, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Tafadhali yaangalieni sana maneno yale: "bila sababu ya maana" na "baada ya kuonywa." Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba mtoto aweza kukosa shule kwa sababu nyingi, na kwamba kuuliza hutangulia kuadhibu.

Kuhusu usiku, mambo ni mengine. Kifungu cha 39 cha Katiba iyo hiyo humpa kila mtu uhuru wa kwenda huku na huku, na kifungu cha 24 chasema kwamba haki haipunguzwi ila kwa sheria, tena kwa kiasi kinachofaa. Baraza laweza kushauri na kuonya, lakini haliwezi kutunga sheria kwa makofi. Na kifungu cha 53 chaongeza kwamba mtoto asiwekwe kizuizini ila njia nyingine zote zikishindikana, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni maneno ya vitabuni. Basi na tutazame yaliyotupata. Amri za kukataza watu kutoka usiku si ngeni katika nchi hii. Wazee wetu walizijua wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuzoea kusimamishwa njiani na kuulizwa kipande. Sisi tulio wadogo tuliionja kafyu tangu tarehe 27 Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, hata ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Nia yake ilikuwa njema, maana ilikusudiwa kuokoa maisha. Lakini siku chache tu baada ya kuanza, mvulana wa miaka 13 mjini Nairobi, aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao wenyewe, aliuawa kwa risasi ya polisi waliokuwa wakiisimamia amri hiyo. Alikuwa kwao, wala hakuwa njiani. Ndipo nilipofahamu kwamba amri ikiwa pana mno, haiwezi kumchagua mwenye hatia peke yake.

Sisi nasi yalitufika, ingawa yetu yalikuwa madogo. Usiku mmoja wa mwaka ule wa 2020 ng'ombe wa kaka yangu alishindwa kuzaa. Simu haikuwa na moto, na kaka yangu hakuthubutu kumwacha ng'ombe peke yake. Akamtuma mwanawe wa miaka 15 kwenda kumwita daktari wa mifugo, ambaye nyumba yake haikuwa mbali. Mtoto akakutana na watu wa doria. Aliwaeleza kisa chake, wakamwambia kwamba kila mtoro ana hadithi. Wakamkalisha kibandani mpaka alfajiri, katika baridi yetu mnayoijua. Alipofika nyumbani, ndama alikuwa amekufa, na mama yake akafa kabla ya adhuhuri. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akiwalipia karo. Mtoto hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Baba, niliwaambia." Neno hilo sijalisahau. Tangu siku ile, akiambiwa habari za sheria, yeye hutabasamu kwa uchungu, nami naona kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ya ng'ombe.

Tena tuufikirie mji wetu huu. Vijana wa Keringet huamka mapema. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi utawakuta wakibeba maziwa kuyapeleka yanakokusanywa, ndipo waende shule. Wengine utawaona wakikimbia milimani katika ukungu, wakitafuta riziki na sifa kwa miguu yao. Faith Chepngetich Kipyegon, aliyekulia na kusoma pande hizi zetu, alishinda nishani ya dhahabu ya mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akaishinda tena Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Je, tungemshika msichana kama huyo kwa kukutwa njiani saa kumi na moja alfajiri?

Sasa nirudi katika orodha yangu ya watoto 11. Niliketi kuandika barua zile, na nilipofika jina la saba mkono ukasita. Lilikuwa jina la mtoto wa mjane mmoja ninayemfahamu. Nikakumbuka mwaka 2002, nilipokuwa darasa la saba. Baba yangu aliugua wakati wa kuvuna viazi, nami nikakaa shambani majuma matatu bila kutia mguu shuleni. Kwa hesabu ya daftari la shule nilikuwa mtoro kamili. Jumamosi moja mwalimu wangu akaja. Nilipomwona kwa mbali nilitaka kukimbia. Yeye hakusema neno. Alivua koti, akachukua jembe, akachimba nami mstari mzima hata mwisho. Kisha akaenda kuzungumza na jirani zetu, na Jumatatu ile watu sita wakaja kumaliza shamba. Jumanne nikarudi darasani, na baadaye nikapata nafasi katika shule ya sekondari ya misheni. Kama siku ile pangekuja askari mahali pa mwalimu, sidhani kwamba leo ningekuwa na kalamu mkononi.

Kwa hiyo nilimwomba mkubwa wangu ruhusa, naye kwa wema wake akanipa, kwamba kabla ya kupeleka barua niende pamoja na mzee wa kijiji na mwalimu mmoja katika nyumba zile 11. Tulimaliza kwa siku tatu. Watoto watatu, na yule wa mjane akiwamo, walikuwa wamezuiwa na kazi za nyumbani, maana hapakuwa na mikono mingine. Wawili walikuwa hawana fedha za chakula cha mchana shuleni wala sare, wakaona haya kurudi. Mmoja alikuwa mgonjwa wa pumu, na nyumbani kwao walidhani kwamba shule inajua. Wasichana wawili walikuwa wamejifungua, na wazazi wao hawakujua kwamba tangu mwaka 1994 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi kusoma. Watatu waliobaki ndio waliokuwa watoro wa kweli, watoto wa pikipiki na kamari. Na katika hao watatu, wawili tulikuta baba zao wamelewa saa nne asubuhi.

Nawaomba wasomaji waihesabu orodha hiyo pamoja nami. Lau tungewapeleka wazazi wote 11 mahakamani, tungewaadhibu wanane kwa sababu ya umaskini, ugonjwa au kutojua. Huko Uingereza, mwaka 2002, mama mmoja wa mji wa Banbury alifungwa gerezani kwa sababu binti zake hawakwenda shule, na watu wa huko walibishana sana kama kifungo ni dawa. Kwetu, mama mjane akifungwa, nani atakayemkamulia ng'ombe ili mtoto apate nafasi ya kwenda shule?

Wako watakaoniuliza, "Basi, vijana waachwe watembee usiku kama wapendavyo?" La, hasha. Katika nchi ya Aisilandi iko sheria kwamba, wakati usio wa kiangazi, mtoto wa miaka 12 au chini yake asiwe nje peke yake baada ya saa mbili za usiku, na wa miaka 13 hata 16 baada ya saa nne. Ulevi wa vijana, uliokuwa mkubwa huko katika miaka ya 1990, umepungua sana. Lakini hawakutegemea amri peke yake. Wazazi wenyewe walishika zamu ya kutembea njiani jioni, na watoto wakasaidiwa kulipia michezo na muziki ili wapate pa kwenda. Sisi twataka kufunga mlango wa usiku, na mlango wa mchana hatujaufungua. Ni wapi hapa petu kijana aweza kukaa jioni, penye taa na kitabu au mpira, pasipokuwa penye pombe?

Na kuhusu pombe, sheria ya mwaka 2010 yamkataza muuzaji kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 18. Kwa hiyo mtoto akikutwa amelewa usiku, mkosaji wa kwanza si mtoto, ni yule aliyepokea fedha zake. Sikusikia jina la muuzaji hata mmoja likitajwa barazani siku ile. Huenda ni kwa sababu wauzaji walikuwa wameketi pamoja nasi, na watoto hawakuwapo.

Mimi nionavyo, sheria ya kumlazimu mtoto kusoma ni ya haki, maana humkinga mtoto hata dhidi ya tamaa ya mzazi wake. Iliyo mbaya ni haraka ya kuitumia kabla ya kuuliza. Lakini amri ya kumshika kila mtoto aonekanaye usiku si ya haki, kwa kuwa humwadhibu mtoto kwa kuwa mtoto, wala si kwa kosa alilolitenda. Mtoto akikutwa njiani usiku, na aulizwe kwa upole, kisha apelekwe kwao mpaka mlangoni, akabidhiwe wazazi wake. Akikutwa mara ya pili na ya tatu, mzazi aitwe. Na siku baraza litakapozungumza tena habari za vijana, vijana wawili au watatu waruhusiwe kusimama na kusema. Mkono mmoja haulei mwana, na mwana mwenyewe ana mkono.

Barua nilizopeleka mwisho zilikuwa tatu tu. Jirani za mjane wamekubaliana kumsaidia kwa zamu, na mwanawe amerudi shuleni, ingawa siku za soko bado hukosa. Sijui kama atamaliza. Lakini jina lake halimo tena katika orodha ya watoro. Limo katika daftari la darasa, na hapo ndipo pake.