Kuita na Kuitwa

Kazi ya kutafsiri sikufundishwa na mtu. Makosa yangu ndiyo yaliyokuwa walimu wangu. Kosa ninalolisimulia hapa lilinikuta Moshi.

Mwenyeji wangu wa Old Moshi, katika miteremko ya Kilimanjaro, ana kijana aliyekuwa akijifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, ile aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991. Kiingereza kilimwia kigumu, nami nikamtafsiria somo la fanksheni, yaani kifungu cha maagizo kilichopewa jina ili kitumike kila kinapohitajiwa. Mstari mmoja niliuandika hivi: “Ili ifanye kazi, fanksheni lazima iitwe.”

Kijana akaandika:

def jumlisha(a, b):
    return a + b

Akaiendesha programu. Kioo kikabaki kitupu. Akarudia mara tatu, nne, kisha akaifunga kompyuta na kusema, “Mzee, nimeiita jumlisha, haifanyi kitu. Nadhani mambo haya si ya watu kama mimi.”

Nilinyamaza, kwani kwa Kiswahili hakukosea. Kuita ni kumpa mtu jina, na kuita pia ni kumtaka aje. Yeye alikuwa ameipa fanksheni jina. Hakuwa ameitaka ije. Kompyuta ilikuwa imeyahifadhi maagizo yake, ikingojea.

Asubuhi yake baba yake alikwenda kufungua maji, nasi tukamfuata. Wachaga tangu zamani huyateka maji ya mito ya mlimani kwa mifereji waiitayo mifongo. Maji hukusanywa usiku katika bwawa dogo, nduwa, na mwenye zamu hulifungua yakateremka hadi kwenye kihamba chake, penye migomba na kahawa. Mfongo ulichimbwa kale na jina unalo. Lakini asipokuwapo wa kufungua, mgomba haupati tone. Na mfongo ni ule ule, ila leo hunywesha kihamba hiki, kesho kile.

Kijana alitazama maji yakipita, asiseme neno. Tuliporudi aliongeza mstari chini ya ile miwili, nje ya fanksheni:

print(jumlisha(3, 4))

Kioo kikaandika 7. Akaweka 10 na 25, ikaja 35. Ndipo nikamweleza kwamba a na b ni vyombo vitupu, hujazwa wakati wa kuita. Kwamba return humrudishia jibu aliyeita. Na kwamba print ndiyo inayolionyesha jibu hilo. Nikamwambia pia kuwa jambo hili ni la zamani. Huko Cambridge, kwa kompyuta ya EDSAC iliyoanza kazi mwaka 1949, David Wheeler alibuni njia ya kifungu cha maagizo kuitwa kutoka popote katika programu, kisha kurejea pale pale kilipoitiwa.

Usiku nilikaa na tafsiri yangu. Nilipoandika kuita kwa maana ya kutaja jina, nikaweka “kuipa jina”, kwa maana ya pili nikaweka “kuiita ije.” Si maneno mazuri sana, lakini hayamdanganyi anayeanza.

Asubuhi nikamkiri kijana kwamba kosa lilikuwa langu, si la akili yake. Akacheka. “Basi tuendelee, Mzee. Somo linalofuata umeshalitafsiri?”