Sayari Inayokwenda Kinyume

Tulipopewa zamu ya kuzungumza kwenye jioni ya chama, sisi watatu tunaosoma fizikia tulichagua sayari za mbali, zile zinazozunguka nyota nyingine. Tulidhani kazi itakuwa fizikia. Kumbe kazi ilikuwa Kiswahili.

Tulifanya mazoezi kwa simu na bibi wa mmoja wetu, aliyeko Tanga. Shikamoo, marahaba, kisha tukaanza: "Bibi, nyota inageuka..." Akatukatiza: "Inageuka kuwa nini?" Tukanyamaza. Kiswahili chetu ni cha nyumbani, cha kuitikia tunapoitwa na kuomba chai. Hatukuwahi kukitumia kumweleza mkubwa jambo asilolijua.

Tukaanza upya. Nyota hujizungusha kama pia. Upande mmoja unatujia, mwingine unatukimbia. Mwanga wa upande unaotujia husogea kidogo kwenye ubuluu, na wa upande wa pili kwenye wekundu. Sayari ikipita mbele ya nyota huziba sehemu ndogo ya mwanga huo. Ikianza na upande wa buluu, mwanga unaobaki huonekana umezidi wekundu; ikivuka upande wa pili, huzidi ubuluu. Ukija mpangilio tofauti, ujue njia ya sayari imelala upande, au sayari inakwenda kinyume kabisa. Rossiter na McLaughlin walieleza jambo hili mwaka 1924 kwa nyota pacha zinazozibana. Kwa sayari, lilipimwa mara ya kwanza mwaka 2000.

"Kumbe hiyo sayari hamuioni," Bibi akasema. "Mnaona ilichofunika."

Mwaka mzima wa mihadhara, na hakuna aliyetuambia kwa maneno machache hivyo!

Tukamwambia kwamba mhimili wa Jua letu umeinama digrii 6 hivi tu ukilinganisha na njia za sayari zake, na wengi walitarajia kwingine kuwe vivyo hivyo. Mwaka 2009 ikatangazwa WASP-17b, iliyogunduliwa na mradi wa Waingereza kwa kamera zilizoko Afrika Kusini. Huizunguka nyota yake kwa muda usiofika siku nne, tena kinyume.

"Nani kaigeuza?"

Safari hii neno lilikuwa sahihi. Tukasema huenda ilivutwa na sayari nyingine, au na nyota jirani, na kwamba wataalamu bado wanabishana.

"Haya. Mkijua, nipigieni."