Usiichomeke Flashi ya Yule Kijana

Chumbageni, Tanga

Mpwa wangu Salum,

Goti la mama yako limepata nafuu, na bibi anakuulizia kila siku. Nimeshika kalamu kwa ajili ya jambo aliloniambia Hamisi: kwamba seva mpya ya chama chenu cha akiba na mikopo imegoma kupokea kibodi, na kwamba kuna kijana mmoja wa mtandaoni amekupa flashi yenye Windows Server 2008 R2 "iliyorekebishwa tayari", nawe unakusudia kuipiga Jumamosi. Usiipige, Salum. Kama umeshaanza, zima mashine.

Nadhani unachokiona ni hiki. Ukiwasha na kuingia BIOS, mishale ya kibodi inafanya kazi vizuri. Ukirudi kwenye usakinishaji, faili zinapakiwa, inatokea skrini ya kuchagua lugha, na hapo kibodi inakufa na kipanya nacho hakisogei. Bonyeza Num Lock. Taa isipobadilika, acha kununua kibodi nyingine, maana hiyo uliyonayo ni nzima na matundu ni mazima. Kule BIOS kibodi inahudumiwa na programu ya bodi yenyewe. Windows ikishapokea kazi inataka draiva yake, na 2008 R2 ilitoka mwaka 2009 bila draiva ya USB 3.0 ndani yake. Bodi za zamani zilikuwa na kidhibiti cha USB 2.0, EHCI, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Intel walipoleta kizazi cha Skylake mwaka 2015 wakakiondoa, matundu yote yakawa chini ya xHCI, kidhibiti cha USB 3.0, hata yale meusi yanayoonekana ya kizamani. Kitufe cha kupakia draiva kipo mbele, kwenye skrini ya kuchagua diski, lakini utakifikia kwa kutumia nini?

Tazama nyuma ya seva. Ukiona tundu la mviringo la zambarau, hilo ni la PS/2, na Windows hiyo inalijua tangu kuzaliwa. Chomeka kibodi ya PS/2 mashine ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Kama tundu hilo halipo, chukua draiva ya USB kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, kisha uipachike kwa zana ya DISM kwenye nakala ya DVD halali ya ofisi. Faili la boot.wim lina sehemu mbili, na ile ya pili ndiyo yenye usakinishaji. Ipachike kwenye zote mbili. Usisahau install.wim, kwenye toleo lile utakalolichagua. Wengi huishia kwenye boot.wim, wanafurahi kibodi imeamka, halafu mashine ikijiwasha upya mara ya kwanza, kibodi inakufa tena. Kazi yote hiyo ni ya asubuhi moja. Sasa ya nini kumpa mtu usiyemjua aifanye kwa niaba yako?

Nilipokuwa bado kazini tulipokea seva yenye ugonjwa huohuo. Mkuu wa idara akasema kijana wa stoo ameunguza matundu, akatwe mshahara. Mimi nilimtetea, nikaonyesha kibodi ikifanya kazi ndani ya BIOS, nikaomba nafasi ya kutengeneza faili kwa utaratibu. Hawakunisubiri. Mwenzangu akaja na DVD aliyochomewa mtaani, Windows "nyepesi", kibodi ikaamka mara moja, watu wakampongeza, na baadaye akapewa cheo nilichokuwa nakikaimu mimi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, sikufichi. Miezi ikapita. Siku moja napitia kundi la Administrators, nikakuta akaunti ambayo hakuna aliyeifungua, jina lake limefanana na huduma ya mfumo, nenosiri lake halina mwisho. Ukuta wa moto ulikuwa umefungua mlango wa mtandao namba 3389, wa kuiendesha seva kutoka mbali, kwa dunia nzima. Masasisho yamezimwa. Nikataka kujua nani aliingia na lini, nikakuta kumbukumbu za matukio nazo zimezimwa tangu siku ya kwanza. Seva ikafutwa, ikajengwa upya, na aliyeijenga upya ni mimi. Lakini taarifa za wateja zilizokuwa mle hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema zilikwenda wapi.

Ndiyo maana sikulala vizuri baada ya maneno ya Hamisi. Wewe umeshika akiba za walimu na mama lishe, na namba zao za simu, na mikopo yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; siku mambo yakiharibika, yule kijana wa mtandaoni hataitwa na mtu yeyote. Utaitwa wewe.

Na hata hiyo 2008 R2 halali siipendi. Microsoft walifunga msaada wake wa muda wa nyongeza (extended support) tarehe 14 Januari 2020. Matoleo tangu 2012 yana draiva ya USB 3.0 tayari, kibodi ingeamka bila mganga. Mwambie meneja anunue toleo jipya. Kama programu yenu ya mikopo inang'ang'ania ile ya zamani, iweke ndani ya Hyper-V kama mashine pepe ya Generation 1, ambayo ina kibodi ya kuigizwa isiyohitaji USB, na uitenge na intaneti.

Usitumie kibodi isiyo na waya wakati wa kusakinisha. Usianze kabla hujaijaribu nakala rudufu kwa kuirejesha. Meneja akikuharakisha, mwombe aandike.

Kesho nampa kondakta wa basi la Dodoma kibodi yangu ya PS/2. Ipokee stendi jioni. Nitumie jina la bodi lilivyoandikwa juu yake, herufi kwa herufi, nikutafutie draiva. Na ile flashi usiichomeke hata kwenye kompyuta yako ya nyumbani.

Mjomba wako,
Rashidi