Fundi Yuko Wapi? Kutoka Daftari la Uvira, 2024

Jumamosi, 13 Aprili

Vitabu vimefika, tena vikavu. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alivituma kutoka Marekani kwa mkono wa mama mmoja aliyekuwa akirudi Bujumbura. Huku kwetu barabara ya Gatumba imemezwa na maji, kwa hiyo vimevuka kichwani mwa kijana mbeba mizigo, watu wamekunja suruali na kila mmoja anaangalia kiboko yuko upande gani. Sasa viko juu ya kabati: *Binti* na wenzake wawili, *The Shadow Speaker*, *Like Thunder*, *War Girls*, *Rebel Sisters*. Waandishi ni wawili tu, Nnedi Okorafor na Tochi Onyebuchi, wote wazaliwa wa Marekani, wazazi wao Wanijeria. Yaya ameandika kikaratasi: wasomee watoto wako kabla hawajaoa.

Nimeanza *The Shadow Speaker* usiku huu kwa taa ya sola. Kilitoka 2007, kikachapishwa upya mwaka jana. Ni Niger ya mwaka 2070. Ejii ni msichana Mwislamu mwenye macho ya paka, na vivuli vinamsemesha. Mwanamke anayeitwa Jaa alimkata kichwa baba yake mbele ya watu, na baba mwenyewe hakuwa mtu wa kuliliwa sana. Baadaye Ejii anamfuata Jaa huyo huyo jangwani. Ngamia anayesema, miji inayoota kama mimea, hayo yote nimeyapitia haraka. Kilichonikesha ni kwamba mwandishi hamsukumi mtoto asamehe, wala hampi kisu alipize. Wanatembea pamoja, basi. Uvira tunawajua wa namna hiyo, tunapishana nao sokoni na tunasalimiana.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo *Binti*, sura za kwanza. Ninasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, na wanafunzi wangu wananisahihisha Kiswahili changu, ambacho wanasema kinanuka Kigoma. Ni kweli, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Tanzania, ilinifanya hivyo.

Kitabu ni chembamba, cha 2015, na kilipata Hugo na Nebula, tuzo kubwa mbili za hadithi za sayansi. Msichana Mhimba wa Namibia, umri miaka 16, amepata nafasi chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Anatoroka alfajiri bila kuaga, amejipaka udongo mwekundu wa kwao. Jina lake limewachekesha mpaka nikagonga meza.

Yupo kijana wangu wa mwaka wa nne anayetengeneza simu karibu na soko kila mchana baada ya masomo. Nilipofika pale baba wa Binti anapotengeneza astrolabu, vile vyombo vya kushika mkononi ambavyo kila mtu anavyo, akanyoosha mkono. "Madamu, anaziuza bei gani? Zikiharibika, mtu anarudi kwake au kuna fundi mwingine?" Nikajibu kwamba ana duka lake, na mtoto alikuwa tayari amemzidi baba kwa ufundi, ndiyo sababu kutoroka kwake kulikuwa pigo. Akaridhika. Kuanzia hapo aliniamini katika kila kitu, hata meli inayopumua kama mnyama.

Kisha tukafika kwenye Meduse, viumbe wa anga. Wanaua karibu wote melini, kwa sababu mwiba wa mkuu wao ulikatwa ukawekwa kwenye makumbusho ya chuo. Hapo nikafunga kitabu nikawapa habari ya Lusinga. Alikuwa mtawala wa Watabwa, upande wetu huu huu wa ziwa, kusini kule kuelekea Moba. Desemba 1884 Mbelgiji Émile Storms, mwenye kituo Mpala, alituma watu wakamuua, na kichwa chake kikakatwa. Fuvu liko Brussels mpaka leo, kwenye taasisi ya sayansi asilia, na sanamu yake ya mti iko Tervuren. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesikia jina hilo, na wanasoma historia ya Kongo tangu shule ya msingi.

Kimya hakikudumu. Tulipoendelea, Binti akaingia kwa maprofesa, akaeleza, wakaona aibu, wakakubali mwiba urudi. Darasa likakataa. Siku hiyo hiyo? Bila barua? Bila muhuri? Jino la Lumumba lilirudi Juni 2022, miaka 61 baada ya kuuawa, na lilikuwa jino moja. Msichana mmoja wa mtaa wa Kalundu akasema meli inayopumua anaikubali, ila maprofesa hao hapana. Nadhani huo ndio uhakiki bora wa *Binti* niliowahi kusikia. Okorafor amejenga chuo kikubwa kama dunia nzima, halafu akasahau kukiwekea sekretarieti.

Jumamosi, 4 Mei

Redio tangu juzi ni Rubaya tu, kwamba waasi wa M23 wameshika machimbo ya koltani ya huko. Watoto wamekuja nayo mdomoni, kwa hiyo nimeacha Okorafor pembeni nikachukua *War Girls*. Mwaka 2172, Nijeria na Biafra bado wanapigana, sehemu kubwa ya dunia haikaliki kwa mionzi na hali ya hewa, na wenye uwezo wamehamia makoloni ya angani. Chini ya ardhi kuna madini ambayo kila upande unayataka. Onyii ana mkono wa chuma na anaendesha roboti la vita. Ify, mdogo wake asiye wa damu, amejitengenezea kwa vyuma chakavu kidude cha kuweka sikioni, na kwa hicho anaona mitandao yote inayomzunguka.

Mfupa wa hadithi ni vita ya Biafra ya 1967 hadi 1970, na Onyebuchi hafichi. Hilo nalipenda. Nisilolipenda ni maroboti. Kurasa kwa kurasa za chuma kugonga chuma, mpaka nikawa naruka aya nzima, na wavulana wananishtaki kwamba naruka.

Papa sentineli, mlinzi wa shule, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Mwaka 1996, waasi wa AFDL walipoingia Uvira mwezi wa Oktoba, alichukuliwa kuwa kadogo, askari mtoto, hajamaliza shule ya msingi. Haongei habari hizo, na hatumwulizi. Leo ameniuliza yeye. "Mwalimu, hawa watoto wa kitabu wanakula saa ngapi?" Nimetafuta. Wanakula, lakini unapaswa kutafuta. Akasema yeye anakumbuka njaa na viatu, mapigano yenyewe yamechanganyika.

Usiku nimemaliza *Rebel Sisters*, cha 2020, mwendelezo wake. Hapa Onyebuchi amenishika koo. Ify amekuwa tabibu angani, na watoto wakimbizi wanaotishiwa kurudishwa walikotoka wanalala usingizi usioamka. Hilo hakulibuni. Uswidi wapo watoto wa waomba hifadhi waliolala hivyo miezi mingi, wakilishwa kwa mrija, na madaktari wa huko wameandika juu yao kwa miaka. Nyarugusu sikuona mtoto aliyelala hivyo. Niliona watu wazima wakisimama mbele ya ubao wa orodha za mahojiano ya kuhamishiwa ng'ambo, wanasoma majina mpaka mwisho, kisha wanaanza tena juu. Familia ya yaya ilitokea kwenye orodha. Yetu ilirudi Uvira.

*Rebel Sisters* sitawasomea wadogo. Wakubwa nitawapa wakisome wenyewe, kwa zamu.

Jumapili, 19 Mei

Msichana wa Kalundu hakuja jana. Ziwa limeingia kwao, wamehamia kwa shangazi yake mtaa wa Kabindula na magodoro mawili. Kuna riwaya nyingine kwenye simu yangu, ya Kifaransa, bahari imefunika miji na vijana wanaishi juu ya mapaa. Imesifiwa sana. Nimeifuta. Aliyeiandika hajawahi kuuliza choo kinakuwa wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Habari imetangazwa juzi, na wanafunzi waliijua kabla yangu. Suzanne Collins ataleta kitabu kingine cha *Hunger Games*, zile riwaya za watoto wanaopelekwa uwanjani kuuana, 18 Machi mwakani. Ni habari za Haymitch, yule mlevi anayemfunza shujaa Katniss, akiwa kijana, katika michezo ya hamsini ambayo watoto waliotolewa walikuwa 48 badala ya 24. Hapa kuna nakala moja ya Kifaransa, haina jalada, imepita mikono mingi kuliko noti ya franga mia tano. Filamu wameziona zote kwenye kibanda cha video.

Nimewauliza kwa nini wanaipenda. Nilitegemea waniambie Makao Makuu yanayokula na wilaya zinazochimba, yaani sisi. Hayo wanayaona dhahiri mno, hawana hamu ya kuyaongea. Wanachokipenda ni Hob, lile soko la magendo ndani ya ghala la zamani la makaa, Katniss anapouza sungura, na askari wenyewe wananunua humo humo. Mmoja akasema, hiyo ni Kavimvira, mpakani kwetu na Burundi. Kitabu cha pili Hob inapochomwa moto, waliumia kuliko kwa kifo cha mtu yeyote uwanjani. Na shujaa wa kijana wangu wa simu si Katniss, ni Beetee wa Wilaya ya 3, mzee wa waya. Ndiye mtu pekee katika vitabu vyote vitatu, anasema, anayejua umeme unatoka wapi na unaenda wapi.

Nimeanza kuwa na kipimo changu, nacho nimekitoa kwa huyu mtoto. Riwaya ya kesho ikinionyesha chombo, nauliza fundi yuko wapi na analipwa nini. Asipokuwepo, ninachosoma ni hirizi iliyovaa bati. *Binti* kinapita. *War Girls* kinapita kwa sababu ya Ify peke yake. Collins anapita kwa Hob na Beetee, anaanguka uwanjani, ambako wanyama wa maabara wanatoka ardhini kila mwandishi anapowahitaji.

Jumapili, 16 Juni

*Like Thunder*, cha mwaka jana, mwendelezo wa *The Shadow Speaker*. Sasa anayesimulia ni Dikéogu, kijana aliyetoroka utumwa wa shamba la kakao na anayeita radi na mvua. Sauti yake ni ya mtoto mwenye hasira, na hasira hiyo ina sababu na anwani. Njama imelegea katikati. Nimekipenda kuliko *The Night Masquerade*, cha tatu cha Binti, ambamo mtu anakufa kifo kizito, tunaomboleza, halafu anafufuliwa na meli. Usinilize bure.

Mwenzangu wa shule amesema juzi kwamba Kiswahili hakina riwaya za aina hii. Nikamtajia *Walenisi* ya Katama Mkangi, Mkenya wa pwani, 1995. Dzombo amehukumiwa kufa, anatiwa kwenye chombo cha kumpeleka kwenye kifo chake, na badala ya kufa anatua nchi ya watu walio sawa wote. Safari ni tamu. Akishatua, wenyeji wanaanza kumhutubia jinsi nchi yao ilivyo njema, na wakaanza pia kunihutubia mimi. Hata hivyo ni miaka 20 kabla ya *Binti*, na hakuna mtu wa kuiweka riwaya hiyo mikononi mwa kijana wa Uvira. Nakala niliyosoma niliiazima Kigoma nikairudisha.

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu ya Uhuru, na imeangukia Jumapili. Msichana wa Kalundu na kijana wa simu wameniletea daftari. Wameandika hadithi pamoja, Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, na nimeisoma nikisahau sufuria ya sombe jikoni.

Mwaka ni 2095. Ziwa limefika ngazi za kanisa. Injinia mmoja, mwanamke, anakwenda Kalemie kuuchimba mto Lukuga, mdomo pekee ambao Tanganyika hutolea maji. Wazo hilo wamelitoa kwangu. Niliwaeleza kwamba miaka ya 1870 wasafiri wa Kizungu Cameron na Stanley walipopita waliukuta mdomo huo umezibwa na mimea na mchanga, ziwa liko juu sana, na baada ya miaka michache maji yakauvunja, ziwa likashuka mita kadhaa. Mtambo wa injinia umeundwa kwa injini ya garimoshi la SNCC, shirika la reli, lililokufa stesheni. Unaharibika sura ya pili, na unatengenezwa kwa kurasa nyingi sana, kila gia na jina lake, na bei ya oili kwa lita.

Kisha ziwa linashuka, na hapa ndipo mkono wa msichana unapoonekana. Ardhi ya Kalundu inatokea, nyeusi, yenye mashimo ya nyumba za zamani. Wiki hiyo hiyo mwami, mtawala wa kijadi, anagawa viwanja, na ofisi ya hati za ardhi nayo inagawa viwanja hivyo hivyo, kila mmoja kwa risiti. Bandari ya Bujumbura imekauka. Burundi inashtaki, Tanzania na Zambia zinafuata, na Kongo yenyewe inamshtaki injinia kwa kuchimba bila kibali. Bibi mmoja mwenye hati ya mwaka 2019 anakaa kwenye msingi wa nyumba yake na kukataa kuondoka. Hakuna roboti hata moja.

Nimewaambia kurasa za gia zipunguzwe nusu. Kijana amekataa kabisa. Msichana yuko upande wangu, lakini kwa sababu zake: anataka mtambo uharibike baada ya hukumu ili serikali nne zije kumbembeleza injinia autengeneze, na safari hii ataje bei. Kijana anasema mtambo wa namna ile hauwezi kukaa mpaka sura ya tano bila kuharibika, oili yenyewe ni ya magendo. Wameondoka wakibishana, na daftari wameondoka nalo, kwa hiyo sijui bibi aliishia wapi.