Kariakoo kwa Mgeni Ajaye Kuuza

Anayeshuka katika kituo cha mwendokasi cha Gerezani saa mbili asubuhi hana haja ya kuuliza Kariakoo iko wapi. Autazame tu mkondo wa watu, aufuate, na baada ya hatua chache atajikuta kati ya maguta, mikokoteni na makuli wanaopaza sauti wapishwe njia. Kwa aliyezaliwa Dar es Salaam hayo ni mazoea. Kwa kijana aliyetoka Lushoto juzi, ambako barabara moja humpeleka mtu sokoni, msikitini na nyumbani, ni bahari isiyo na ufukwe.

Mji huu tangu mwanzo umekuwa wa wageni wachukuzi. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa hapa, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likalainishwa na ndimi za wenyeji likawa Kariakoo. Wapagazi hao walitoka pande nyingi za nchi, na wengi hawakurudi makwao. Soko kuu, lenye paa la miavuli ya zege, lilichorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Likaungua Julai 2021, na sasa limejengwa upya. Lakini biashara kubwa haimo ndani ya soko. Imo mitaani: nguo mtaa wa Kongo, simu mtaa wa Aggrey, na katika ghorofa za pembeni yamo maduka ambayo mgeni hayaoni mpaka apandishwe ngazi.

Mpwa wetu alikuja baada ya mwezi wa Shawwal kushika kazi ya kuuza vitenge. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kujifunza lugha, ingawa Kiswahili ndicho lugha yake. Alijifunza kwamba jora si doti, kwamba "mzigo umeshuka" maana yake kontena limefunguliwa na bei itayumba, na kwamba mteja anayeuliza "bei ya mwisho" kabla ya kugusa kitambaa mara nyingi hanunui. Alijifunza pia kuwatambua wanunuzi wa mbali, wa Lubumbashi, Lusaka na Moroni, ambao hununua kwa majora na hawana muda wa maneno mengi.

Akawajua na mawinga. Winga hana duka wala mtaji. Ana miguu na kumbukumbu. Humshika mgeni mkono, humfikisha kwenye bidhaa anayoitaka, na juu ya bei ya duka huongeza chake. Wapo wanaowaita wote matapeli, nasi hatukubaliani nao. Udalali ni kazi ya kale, na wanazuoni wameuhalalisha ujira wake unapojulikana. Shida ni kile "cha juu" ambacho mnunuzi hakijui na mwenye mali hakukiridhia.

Jambo lililomfikisha mpwa wetu barazani kwetu baada ya Ishaa halikuhusu mawinga. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na riziki yake hasa ilitegemea kamisheni ya kila jora. Katika duka lile kulikuwa na vitenge vya aina moja vilivyochuja rangi kwenye maji ya kwanza, na wauzaji waliagizwa waseme havichuji.

"Mjomba," alituuliza, "mimi si mwenye mali. Nikisema nilichoagizwa, dhambi ni ya nani?"

Hatukumjibu upesi, kwa kuwa tulijua kodi ya chumba chake cha Buguruni inakaribia. Tulimkumbusha habari ya Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alipopita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Alimhoji aliyekuwa akiliuza. Tukamkumbusha pia Abdurrahman bin Auf, aliyefika Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii alimtolea nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Siku hiyo alirudi na jibini kavu na samli. Muhajiri yule alikuwa mgeni mjini kama mpwa wetu, na hakuwa na mtaji wowote ila kuaminiwa kwake.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja wa Lubumbashi akavichagua vitenge vile vile. Mpwa wetu alimwambia kwa sauti ya chini kwamba vinachuja. Mama yule akaviacha, akanunua majora sita ya aina nyingine, ya bei ndogo zaidi. Muuzaji mwenzake aliyasikia hayo, na kufikia Alasiri yalikuwa yamemfikia mwenye duka. Mwisho wa mwezi kijana alilipwa mshahara wake, akaambiwa asirudi.

Kwa wiki tatu hakuwa na kazi. Ijumaa tulimkuta katika safu za nje, ambako mikeka hutandikwa mpaka barabarani kwa wingi wa watu, na baada ya swala mtu mmoja wa jamaa zetu akampeleka kwa mwenye duka la mashuka na mapazia. Huko mshahara ni mdogo kuliko wa kwanza, na kamisheni hakuna. Lakini wauzaji hupokezana kwenda kuswali Adhuhuri bila kuomba ruhusa, na bidhaa yenye kasoro hutengwa mezani kwa bei yake, kasoro ikitajwa.

Mama yake alitupigia simu kutoka Lushoto. Fedha iliyofika mwezi ule ilikuwa pungufu, naye alitaka kujua kwa nini mwanawe amehama duka upesi hivyo. Tulimweleza yote. Alinyamaza kitambo, tukadhani simu imekatika, kisha akauliza kama huko aliko sasa anapata chakula cha mchana. Tukamwambia anakula kwa mama ntilie nyuma ya soko, wali na maharage, na siku za Ijumaa samaki.