Agra Fort: ngome iliyomfunga mwenyewe

Jumamosi tulidandia treni ya alfajiri kutoka Delhi, Waswahili wanne wa hapa chuoni, mpaka Agra. Taj Mahal kila mtu ameshaiandika, mimi acha niwape ya Agra Fort, ngome iliyo kama kilomita 2.5 tu kutoka pale.

Jamani, lile si jengo, ni mji! Mfalme Akbar alianza kuijenga mwaka 1565 kwa mawe mekundu ya mchanga. Kuta zinafika mita 21 kwenda juu, na mzunguko wake ni kilomita 2.5 hivi. Nje kuna handaki. Ukipita lango la Amar Singh, njia inakata kona kali halafu inapanda. Makusudi hayo bwana! Adui hawezi kuja na mbio zake moja kwa moja mpaka ndani.

Ndani sasa. Jumba la Jahangiri, la enzi za Akbar, ni jekundu, jiwe limechongwa kama mbao. Mjukuu wake Shah Jahan akabomoa baadhi ya majengo ya babu, akaweka ya marumaru nyeupe. Unatembea hatua chache tu, unajua umebadilisha mfalme.

Kilichonikaa kichwani ni hiki. Mwaka 1658 Aurangzeb alimzingira humo baba yake, huyo huyo Shah Jahan. Kuta hazikubomoka. Kijana alikata tu maji ya mto Yamuna, mzee akasalimu amri. Akafungiwa humo humo mpaka alipofariki 1666, akitunzwa na binti yake Jahanara. Tulisimama Musamman Burj, mnara wa marumaru wenye pembe nane. Ukichungulia unaiona Taj Mahal pale mto unapokunja, alipozikwa mkewe Mumtaz Mahal. Tukanyamaza wote, hata yule jamaa yetu mwenye domo.

Wana ualimu wenzangu, somo hili ukilianza na orodha ya wafalme, darasa linalala. Anza na swali: kuta mita 21, zilishindwaje? Waache wabishane mpaka wafike kwenye maji, na kwa mtoto wa mwenye nyumba. Kwenye mazoezi ya kufundisha, mimi naanzia hapo.

Mkienda, bebeni maji. Kiingilio cha mgeni kimezidi cha Mhindi mara nyingi, na sehemu kubwa ya ngome ni ya jeshi, huingii. Haya, ngoja nikalale, miguu inawaka moto.