Bei ya jioni: kati ya Dubai na Kuresoi

Ziara ya jioni ya Dubai huanza jua likishapoa. Basi dogo hupita hotelini likikusanya wageni, huwapeleka Dubai Marina kuona mfereji uliochimbwa na binadamu katikati ya maghorofa, huwashusha ufukweni wapige picha mbele ya Burj Al Arab, ile hoteli yenye umbo la tanga iliyofunguliwa mwaka 1999, kisha huwafikisha chini ya Burj Khalifa, mita 828 kwenda juu, ambako chemchemi hurushwa kwa muziki. Wengi humalizia kwenye hori la kale linalotenganisha Deira na Bur Dubai, wakila chakula ndani ya jahazi lililopambwa taa huku mwongozaji akitaja gharama, idadi ya ghorofa na miaka ya ujenzi. Picha zinazopigwa humo hufika Keringet na Olenguruone, senta za Kuresoi nchini Kenya, kabla jahazi halijarudi gatini, na huko huzua hesabu ile ile ya kila siku: wenzetu wamefika, sisi tumebaki na matope na viazi. Hesabu hiyo imekosewa. Wanaoipinga nao, wale wanaosema Dubai ni vioo vitupu juu ya mchanga, wamekosea vilevile, kwa sababu pande zote mbili zinapima majengo, na majengo siyo yanayouzwa kwenye ziara ile.

Ghorofa linaonekana hata saa sita mchana. Kinacholipiwa ni jioni yenyewe: saa tatu au nne ambazo mtu asiyejua lugha ya mji, asiye na ndugu wala mwenyeji, anatembea kando ya maji mkoba ukiwa begani na watoto wametangulia mbele, wala hageuki nyuma kuangalia nani anamfuata. Mkazi wa jiji lolote kubwa la Afrika Mashariki anajua uzito wa jambo hilo bila kuelezwa. Basi mwenye kwao kuwili, mwenye mshahara wa dirhamu huku na shamba la ekari mbili kule, akitaka kulinganisha, aulize kila upande swali moja tu: jioni ya hapa ni ya nani, na mgeni anaipata kwa bei gani? Jibu litampa sababu ya kuionea Dubai wivu mahali asipotarajia, na sababu ya kuiheshimu Kuresoi mahali ambapo hata wenyewe hatujazoea kuiheshimu.

Kuresoi nayo ina jioni yake, na kwa asili si jioni mbaya. Sehemu kubwa ya nchi ile iko juu ya mita 2,400 mgongoni mwa Mau. Jua likitua, baridi inashuka na ukungu unafuata. Maziwa yameshapelekwa, majani ya chai ya siku yameshapimwa, na mwenye akili yuko jikoni karibu na moto. Senta zinafunga mapema, na bodaboda wa mwisho anapandisha bei kwa haki kabisa. Lakini kujifungia mapema hakukuletwa na baridi peke yake. Vijiji vya Molo, Olenguruone na Kuresoi viliungua mwaka 1992, mwaka wa uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurejeshwa. Mwanzoni mwa 1998, baada ya uchaguzi mwingine, moto ukawaka upande wa Njoro. Mwaka 2007 Kuresoi haikungoja hata matokeo: watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani wiki kadhaa kabla ya siku ya kura. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa 1998 na ile ya Jaji Waki ya 2008 ziliyaandika haya kwa kirefu. Katika historia hiyo giza lilikuwa saa ya kazi ya wachomaji, na mtu aliyekua katika miaka hiyo hawezi kuwa na uhusiano mwepesi na saa moja usiku. Ndiyo maana si ajabu kijana wa huko aliyepata pesa Uarabuni akanunua ploti Nakuru mjini, akaacha shamba la baba lilimwe viazi. Anatafuta jioni.

Watakaosema kwamba Dubai imejinunulia jioni kwa mafuta wana nusu ya ukweli. Hori lile lilichimbuliwa na kupanuliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya Sheikh Rashid, kwa fedha za mkopo ambazo sehemu kubwa yake ilitoka Kuwait. Mafuta ya Dubai yenyewe yaligunduliwa mwaka 1966. Mji ulikopa ili mashua za wageni ziingie, ukijua kwamba utakula kwa mgeni au hautakula. (Nyumba zake za kale, zile ambazo watalii huzipiga picha pale Al Fahidi, ziliezekwa kwa boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, kwa hiyo pwani yetu ilitangulia kufika huko muda mrefu kabla ya mabaunsa na madereva wetu.) Nusu ya pili ya ukweli ni kwamba deni lilipoikaba Dubai mwaka 2009, Abu Dhabi yenye mafuta ndiyo iliyotoa dola bilioni 10 kuiokoa, na jengo lililokuwa likiitwa Burj Dubai likafunguliwa Januari 2010 kwa jina la mtawala wa Abu Dhabi. Mafuta basi yamo. Lakini jioni ya mgeni haihitaji mafuta. Forodhani ya Unguja, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, hulisha umati kila usiku kwa mishikaki, juisi ya muwa na taa za kawaida. Mama Ngina ya Mombasa, iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2019, huwavuta watu wakale mihogo ya kukaanga wakitazama meli zikiingia Kilindini. Hakuna aliyechimba kisima cha petroli kati ya sehemu hizo mbili. Kilichohitajika ni taa zisizoachwa kufa, mtu wa kufagia, na askari anayelipwa kwa wakati.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba jioni ile imebebwa migongoni mwa watu wasioila. Hili ni kweli, na mwongozaji halitaji. Wajenzi wengi wa maghorofa yale wanalala Al Quoz na Sonapur, nje kabisa ya njia ya basi la watalii. Sheria ya nchi inakataza kazi ya juani saa za mchana kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, jambo linalokueleza joto la pale kuliko takwimu yoyote, na linalokueleza pia kwa nini mji unapenda kuonwa jioni. Mkenya aliyevaa sare mlangoni mwa jengo la Marina anaiona jioni kama zamu. Watalii wanampita, wanamsalimia au hawamsalimii, naye anahesabu saa. Walakini mtu huyohuyo, siku yake ya mapumziko, anavuka hori kwa abra, ile mashua ya abiria ambayo nauli yake kwa miaka mingi imekuwa dirhamu moja, akakaa upande wa pili na wenzake mpaka usiku bila askari kumuuliza anatafuta nini. Ukimwuliza atakachokikosa siku ya kurudi, anaweza kuutaja mshahara kwanza, lakini utembezi ule wa usiku hautakuwa mbali. Unyonyaji wa kazi ni dhambi ya mji ule. Haufuti utembezi, na utembezi haufuti unyonyaji.

Ila kuna jambo ambalo ziara haiwezi kulionyesha, na hapa ndipo mizani inapogeuka. Dubai haimwogopi mgeni kwa sababu mgeni hana cha kudai. Takriban watu tisa katika kila kumi wanaoishi pale si raia. Kibali cha mfanyakazi wa kawaida kimefungwa kwenye kazi yake. Kazi ikiisha, siku zinaanza kuhesabiwa. Ipo visa ya dhahabu, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa ajili ya wawekezaji na wataalamu, na wapo wageni wanaonunua fleti katika maeneo yaliyotengwa, lakini baunsa wa Kuresoi hayumo katika orodha hizo. Hapigi kura, hagombei, hamnyimi mtu kiti cha baraza, na mtoto wake hatarithi mtaa. Kwa hiyo Mhindi, Mfilipino, Mpakistani na Mkenya wanaweza kupangana foleni moja wakingoja chemchemi irushwe, kwa amani ya watu ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kusema hapa ni kwangu. Anayevunja amani hiyo hupandishwa ndege. Ni amani ya kukodi, na kodi yake hulipwa kwa kunyamaza.

Kuresoi ni kinyume chake. Mgeni wa Kuresoi anaweza kupata hati ya shamba, akapiga kura, akashinda kiti cha udiwani, akazikwa pale. Serikali ya kikoloni ilianzisha makazi ya Olenguruone mwaka 1941 kwa Wakikuyu iliowaondoa katika ardhi ya Wamaasai, ikawawekea masharti waliyoyakataa, na kufikia 1950 ikawa imewafukuza tena. Baada ya uhuru zikaja kampuni na vyama vya kununua ardhi, Wakikuyu na Wakisii wakanunua kando ya Wakipsigis, na Waogiek, waliokuwa msituni kabla ya wote, wakasogezwa na kila aliyekuja, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoamua mwaka 2017 kwamba Kenya imewadhulumu. Kila mmoja wa hawa ana madai, na kila dai lina nguvu kwa sababu nchi inamtambua mdai. Kura ya jirani inaweza kukuondolea mwakilishi. Hati yake inaweza kukuondolea malisho. Ndiyo maana jirani wa miaka thelathini anaweza kugeuzwa mgeni usiku mmoja na mwanasiasa mwenye gari la petroli. Moto wa 1992 na 2007 ulikuwa uhalifu, na sitauvisha kanzu nyeupe. Ninachosema ni kwamba uliwashwa juu ya vitu vyenye thamani ambavyo Dubai haimpi baunsa wake hata kwa ndoto. Amani inayopatikana kati ya watu wenye madai juu ya udongo mmoja imefumwa kwa uzi mgumu kuliko ile ya watu wasio na dai lolote.

Atakayesema kwamba hapa natafuta njia ya kupasamehe nyumbani, nitamwelewa. Hoja ya uzi mgumu inaweza kugeuzwa kisingizio: kwamba tunauana kwa kuwa sisi ni huru kuliko wengine. Jibu ni kwamba chaguzi za 2013, 2017 na 2022 zilipita bila Kuresoi kurudi 2007, na walioishi pale walikuwa walewale, wenye hati zilezile. Inawezekana, basi. Ninayo shaka yangu hata hapo: amani ya 2013 ilitiwa saini na wanasiasa wawili walioona faida ya kupanda gari moja, na amani ya namna hiyo ni ya kukodi kama ya Dubai, ila mwenye nyumba ni tofauti. Waliohukumiwa kwa ukatili wa 2007 ni wachache mno. Hapo Dubai inatufunza, pamoja na ukali wake wote: mtu anayejua kwamba sheria itamfikia kesho hafanyi jambo lake leo usiku.

Wapo pia wanaoamini kwamba maendeleo makubwa yakija jioni itajileta. Kuresoi iliahidiwa maji makubwa yake: bwawa la Itare, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2017, liwanyweshe watu hadi Nakuru. Mkandarasi wa Kiitaliano akaingia katika matatizo ya fedha, mitambo ikasimama. Na Nakuru, iliyotangazwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ina ziwa lililozungushiwa uzio wa mbuga, ambako jioni ni ya vifaru na nyati, sawa kabisa. Ziwa hilo limepanda kwa zaidi ya mwongo mmoja hadi likaingia katika nyumba za watu Mwariki na Barut bila mwongozaji wala tiketi. Vitu vikubwa vina ratiba yake. Jioni ya Keringet inategemea vidogo: mulika mwizi, taa ile kubwa ya senta, ikiungua itengenezwe wiki hiyo, soko la viazi liwe na paa ili mwenye mzigo asilale barabarani, chifu na polisi wajulikane kwa majina na watu wa pande zote. Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2023. Sehemu inayofika Kuresoi inaishia kwenye karo, mabati na ukuta wenye geti la chuma, yaani kila familia inajinunulia jioni yake ndani ya ua wake. Siwalaumu. Ukuta, hata hivyo, haumsaidii mtoto anayetoka shule saa kumi na mbili.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa miongoni mwa nchi ambako Wakenya wa ughaibuni walipiga kura mwaka 2022, lakini kwa rais peke yake. Diwani, mbunge na gavana, watu wanaoamua kama taa ya senta itawaka na nani atachochea nani, huchaguliwa na aliyeko nyumbani. Mwajiri wa Dubai hutaka tarehe za likizo mapema. Baadhi ya watu wa Kuresoi wataomba Julai, wajiandae kusimama foleni katika shule ya msingi waliyosoma. Wengine wataomba Oktoba, wangoje kwanza.